Leseni ya Daktari na Sahani ya Mwanafunzi

Mwaka 1882 mabunge ya majimbo mawili nchini Marekani yalipitisha sheria mbili ambazo hakuna aliyeziona kuwa na undugu wowote. Huko West Virginia, bunge liliikaza sheria ya mwaka uliotangulia iliyomkataza mtu kutibu wagonjwa mpaka awe na hati ya Bodi ya Afya ya jimbo. Huko Vermont, bunge liliagiza watoto wa shule za umma wafundishwe jinsi mwili unavyofanya kazi na jinsi pombe inavyouharibu. Sheria ya kwanza iliamua nani aruhusiwe kuugusa mwili wa mgonjwa. Ya pili iliamua mtoto ajue nini kuhusu mwili wake mwenyewe. Kila moja ikashika njia yake kwa miaka zaidi ya 140, na chakula kikabaki katikati bila mwenyewe.

Katiba ya Marekani haikuipa serikali ya Washington kazi ya kuendesha shule wala ya kuwapa madaktari leseni. Mambo hayo ni ya majimbo. Ndiyo maana historia hii haina makao makuu mamoja: jimbo moja hujaribu jambo, majirani wakalitazama, kisha wakaliiga au wakalikataa.

Leseni zenyewe zilikuwepo kabla ya hapo, lakini katika miaka ya 1830 na 1840 majimbo mengi yalizifuta. Wananchi walikuwa na sababu. Daktari msomi wa zama hizo alimtoa mgonjwa damu kwa kisu, akamnywesha dawa za zebaki mpaka meno yakalegea. Samuel Thomson, mkulima wa New Hampshire, akaja na mitishamba na mvuke, akawauzia watu haki ya kutumia njia zake majumbani mwao. Wafuasi wake walipohoji kwa nini sheria imlinde anayemwaga damu na kumwadhibu anayechemsha mizizi, wabunge waliwasikiliza. Kufikia katikati ya karne, karibu kila aliyetaka aliweza kutundika kibao mlangoni na kujiita daktari. Kilichofuata ni fujo. Vyuo vilichipuka kila kona, na vingine viliuza vyeti waziwazi kwa yeyote mwenye fedha. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe leseni zikarudi: Texas mwaka 1873, kisha Illinois mwaka 1877, ambako bodi ilipewa nguvu ya kuhoji hata hadhi ya chuo kilichotoa cheti.

Aliyeonja makali ya mtindo huo mpya ni Frank Dent wa Kaunti ya Preston, West Virginia. Dent alikuwa akitibu watu tangu 1876. Alifuata mkondo wa madaktari walioitwa "eclectic", waliochagua dawa kutoka mikondo mbalimbali na kuamini sana mimea. Sheria ya jimbo lake iliweka milango mitatu: uwe umehitimu chuo cha udaktari chenye sifa njema, au uwe umetibu ndani ya jimbo kwa miaka 10 mfululizo kabla ya tarehe 8 Machi 1881, au ufanye mtihani mbele ya bodi ukafaulu. Miaka yake ya kazi haikutosha kwa mlango wa pili. Kwa mlango wa kwanza aliwasilisha cheti cha chuo cha "eclectic" cha Cincinnati, na bodi ikasema haikitambui chuo hicho. Mtihani hakuufanya. Akaendelea kutibu wagonjwa wake, akashtakiwa, akatozwa faini ya dola 50 pamoja na gharama za kesi.

Dent alikata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: udaktari ndio mali yake, wateja anao, na sheria iliyotungwa baada ya yeye kuanza kazi inamnyang'anya riziki bila haki. Hukumu ilitoka Januari 1889, ikaandikwa na Jaji Stephen Field kwa niaba ya majaji wote. Alikubali kwamba kila raia ana haki ya kufanya kazi halali aitakayo. Lakini akaeleza kwamba udaktari unahitaji maandalizi makubwa, kwamba mgonjwa hana njia ya kupima mwenyewe elimu ya anayemtibu, na kwamba jimbo lina mamlaka ya kuweka masharti mradi yahusiane na kazi yenyewe na mtu wa kawaida aweze kuyatimiza kwa kusoma na kujitahidi. Dent alishindwa. Sheria za leseni za madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa lishe nchini humo zimesimama juu ya hukumu hiyo hadi leo.

Naona Jaji Field alisema kweli kuhusu mgonjwa. Lakini hukumu iliacha mikononi mwa bodi uamuzi wa elimu ipi ihesabiwe, na bodi zilijaa madaktari waliofundishwa kutafuta dawa. Katika orodha ya mambo ambayo daktari alipaswa kuyajua, chakula hakikupewa uzito, na hakuna aliyelalamika.

Tuje upande wa pili. Sheria ya Vermont ilitokana na nguvu za mama mmoja, Mary Hunt wa Massachusetts, aliyewahi kuwa mwalimu na kisha kiongozi katika umoja wa wanawake wa Kikristo uliopinga ulevi. Wanawake wengi hawakuwa na kura. Hunt akaona kwamba wapigakura wa kesho wameketi darasani leo, na kwamba jimbo likimfundisha mtoto ubaya wa pombe kwa jina la sayansi, baba yake hatakuwa na la kusema. Akazunguka jimbo hadi jimbo, akahutubia mabunge, akaandaa barua na maombi. Mwanzoni mwa karne ya 20 hakukuwa na jimbo lisilo na sheria ya aina hiyo. Wanawake wasio na kura walikuwa wameyafikia mabunge yote ya nchi.

Bei yake ilikuwa ukweli. Hunt alijipa kazi ya kuidhinisha vitabu, na mwandishi aliyetaka kitabu chake kinunuliwe na shule alilazimika kutenga kurasa za kutosha kwa ajili ya pombe na tumbaku, na kuziandika kwa ukali uliotakiwa. Watoto walisoma kwamba hata kiasi kidogo cha kilevi ni sumu tupu. Mwaka 1903 kamati ya wasomi walioyachunguza mafundisho hayo ililaumu vitabu hivyo kwa kupotosha watoto. Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu tangu hapo kila somo la afya linaloingizwa shuleni kwa nguvu ya sheria hukabiliwa na swali lilelile: nani ameandika kitabu, na anatafuta nini?

Wakati Hunt akipigania vitabu, madaktari walianza kuingia shuleni kwa sababu ya hofu. Massachusetts ilikuwa imedai chanjo ya ndui kwa watoto wa shule tangu 1855. Mwaka 1894 dondakoo lilipoitikisa Boston, idara ya afya ya jiji ikateua madaktari 50 wa kupita mashuleni na kuwatazama watoto ambao walimu waliwashuku. Connecticut mwaka 1899 iliwaagiza walimu kupima macho ya wanafunzi wao. Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kuifanya huduma ya ukaguzi wa afya shuleni kuwa lazima kwa jimbo zima, mwaka 1906.

Tatizo ni kwamba ukaguzi peke yake ulimfukuza mtoto. Daktari alipita, akaona macho mekundu au kichwa chenye mapunye, akaandika kadi, mtoto akarudishwa nyumbani. Katika mitaa ya wahamiaji maskini wa Manhattan, jijini New York, madawati yalibaki wazi, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kusoma kadi ya Kiingereza wala fedha za daktari. Muuguzi Lillian Wald, aliyeishi na kufanya kazi katika mtaa wa Henry, alikutana na mvulana wa miaka 12 asiyejua kusoma. Kila alipopelekwa shule alirudishwa kwa sababu ya vidonda vya kichwani. Mama yake alikuwa amepewa dawa, ila hakuna aliyemwonyesha namna ya kuipaka. Wald akampaka mwenyewe, vidonda vikapona, mtoto akaingia darasani.

Oktoba 1902 Wald aliliazima jiji la New York muuguzi mmoja, Lina Rogers, mzaliwa wa Kanada, kwa jaribio la mwezi mmoja. Alipewa shule nne zenye watoto wapatao 10,000. Vyumba vya matibabu havikuwepo. Mahali pengine kingo ya dirisha ndiyo iliyokuwa meza yake ya dawa. Alisafisha macho yenye vikope, akafunga vidonda, akapaka dawa ya upele, akampeleka mtoto darasani saa ileile. Jioni alipanda ngazi za majumba ya kupanga, akakaa na akina mama, akawaonyesha kwa mikono yake jinsi ya kuondoa chawa na mayai yake. Mwezi ulipoisha jiji halikuhitaji kushawishiwa. Septemba 1902, kabla hajaanza, watoto 10,567 walikuwa wamerudishwa nyumbani katika shule za jiji. Septemba iliyofuata, wauguzi wakiwa wamekwisha kuongezwa, walirudishwa 1,101.

Rogers alifanya kazi hiyo bila leseni ya jimbo, kwa sababu wauguzi walikuwa hawajawekewa. Sheria ya kwanza ya kuwasajili ilipitishwa North Carolina mwaka 1903, na New York ikafuata mwaka huohuo. Mafanikio makubwa ya kwanza ya afya ya shule yaliletwa na mtu ambaye hakuna bodi iliyokuwa imemthibitisha.

Chakula nacho kiliingia shuleni kwa mkono wa mwanamke. Ellen Richards, mkemia na mwanamke wa kwanza kuhitimu katika taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, alifungua jiko la mfano mjini Boston mwaka 1890. Mwaka 1894 kamati ya shule ya jiji iliamua kwamba chakula kinachouzwa shuleni lazima kiidhinishwe, na jiko la Richards likaanza kuwapikia wanafunzi wa sekondari. Wenzake walikutana kila mwaka Lake Placid kuanzia 1899, na kutokana na mikutano hiyo likazaliwa somo la sayansi ya kimu kama linavyojulikana katika shule zetu. Maarifa ya chakula yakawa somo la wasichana, likifundishwa na walimu wa kike. Vyuo vya udaktari vilivyojaa wanaume havikuona kuwa ni kazi yao.

Havikuona, ingawa ushahidi ulikuwa mbele ya macho yao, tena ndani ya shule. Eneo la Maziwa Makuu ya Marekani lilisumbuliwa na rovu, uvimbe wa shingo unaotokana na upungufu wa madini joto. Daktari David Marine na mwenzake Oliver Kimball walitaka kuwapa wasichana wa shule madini hayo. Cleveland ikakataa kwa kuogopa sumu, wakaenda Akron, katika jimbo hilohilo la Ohio. Kuanzia 1917 waliwapa wasichana walioridhia gramu 0.2 za chumvi ya madini joto ndani ya maji kila siku ya shule kwa siku 10, majira ya kuchipua na majira ya vuli. Katika wasichana 2,190 waliokunywa, 5 tu ndio waliopata uvimbe. Katika 2,305 ambao hawakunywa, waliopata walikuwa 495. Mwaka 1924 chumvi yenye madini joto ilianza kuuzwa madukani Michigan. Pakiti ya chumvi inayouzwa leo Iringa au Kisii ni mjukuu wa darasa lile la Akron.

Kati ya matukio hayo lilikuja pigo lililoupa udaktari wa Marekani sura yake ya sasa. Abraham Flexner, mwalimu wa Kentucky ambaye hakuwa daktari, alitumwa na wakfu wa Carnegie kuvikagua vyuo vyote 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Taarifa yake ya mwaka 1910 haikumwonea mtu haya: alieleza maabara zisizo na vifaa, maktaba zisizo na vitabu, wanafunzi wasiowahi kumgusa mgonjwa. Bodi za leseni zikaichukua kama rungu. Chuo ambacho wahitimu wake hawakukubaliwa kufanya mtihani wa jimbo kilikufa, na vingi vilikufa. Wagonjwa walinufaika, hilo sina shaka nalo. Ila vyuo saba vya Waamerika weusi vilivyokuwepo vilibaki viwili, Howard na Meharry, na maumivu ya upungufu huo yanasikika hadi leo katika mitaa isiyo na daktari. Mtaala uliosalimika ulijengwa juu ya maabara na wodi. Jiko halikuwa na nafasi humo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya serikali kuu zaidi kuliko majimbo, nami nitaipita haraka. Tarehe 4 Juni 1946 Rais Harry Truman alitia saini sheria ya chakula cha mchana shuleni, baada ya jeshi kuona vijana wengi mno wakikataliwa kwa kasoro za lishe. Mwaka 1977 Bunge la Washington lilianzisha programu ya elimu ya lishe kwa wanafunzi, walimu na wapishi wa shule, likikadiria senti 50 kwa kila mtoto. Katika muongo uliofuata fedha zikapunguzwa mpaka ikadhoofu. Na mwaka 1985 baraza la taifa la utafiti likatoa taarifa kuhusu vyuo vya udaktari: mwanafunzi alipata wastani wa saa 21 za lishe katika miaka yake yote minne, na baraza likapendekeza angalau 25. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta wastani ni saa 19.6. Robo karne ilipita, na saa zikapungua.

Arkansas ilijaribu kuanzia kwa mtoto. Mwaka 2003 bunge lake lilipitisha Sheria namba 1220, ya kwanza nchini kuagiza kila mwanafunzi wa shule ya umma apimwe uzito na urefu na wazazi wapelekewe barua ya matokeo. Mashine za soda na vitafunio zikaondolewa wanapofikia watoto wa shule za msingi. Gavana Mike Huckabee, aliyekuwa ameambiwa ana kisukari na kisha akapunguza uzito mkubwa, aliipigania. Barua zile ziliwachoma wazazi, na ninawaelewa: mzazi aliambiwa tatizo bila kuonyeshwa tiba, kama mama yule wa mtaa wa Henry. Mwaka 2007 bunge likalegeza, watoto wa baadhi ya madarasa tu wakapimwa, na mzazi akapewa haki ya kukataa. Hata hivyo Arkansas ilipata hesabu za kweli za uzito wa watoto wake, jambo ambalo majimbo mengine hayakuwa nalo.

Nayo leseni ilikuwa imefika mpaka kwenye sahani. Kuanzia miaka ya 1980 majimbo yaliwawekea wataalamu wa lishe bodi zao. Mwanamume mmoja wa North Carolina, aliyewahi kulazwa kwa kisukari na kujirudisha kwa kubadili ulaji, alianza kuwashauri watu kwa maandishi wapunguze vyakula vya wanga. Mwaka 2012 bodi ya jimbo ilimrudishia kurasa za maandishi yake zikiwa zimetiwa kalamu nyekundu, kuonyesha sentensi zipi anaruhusiwa kuandika na zipi ni ushauri unaohitaji leseni. Alikwenda mahakamani akidai uhuru wa kusema, na mwaka 2015 bodi ikalegeza miongozo yake. Hoja ya Jaji Field ilikuwa kwamba mgonjwa hawezi kumpima mtaalamu, na bado ina uzito, maana ushauri mbaya wa chakula unaweza kumuua mwenye kisukari. Lakini katika jimbo hilohilo daktari mwenye leseni kamili aliweza kumshauri mgonjwa yuleyule bila bodi kumuuliza alisoma lishe kwa saa ngapi.

Mwaka 2025 njia mbili za mwaka 1882 zilikutana ndani ya sheria moja. Wakati huo waziri wa afya mjini Washington, Robert F. Kennedy Jr., alikuwa akihimiza vita dhidi ya vyakula vya viwandani, na mabunge ya majimbo yalikuwa mbele yake. West Virginia ilipiga marufuku rangi kadhaa za kutengenezwa katika chakula cha shule. Louisiana iliwataka baadhi ya madaktari wake wajifunze lishe ndipo leseni zao zihuishwe. Texas ikaenda mbali zaidi kwa muswada namba 25 wa Seneti, ulioletwa na seneta Lois Kolkhorst na kutiwa saini na Gavana Greg Abbott mwezi Juni. Sheria hiyo inaunda kamati ya ushauri ya lishe, inaingiza lishe katika masomo ya afya shuleni, na inavitaka vyuo vya udaktari vifundishe lishe. Inawataka madaktari, wauguzi na wataalamu wa lishe waisome tena ili waendelee kuwa na leseni. Inaagiza pia onyo kwenye pakiti za vyakula vyenye viambato 44 vilivyotajwa, kwa lebo zitakazotengenezwa kuanzia 2027.

Magazeti yalilishika suala la onyo la pakiti, kwa kuwa ndilo linaloyagusa makampuni makubwa. Mimi naona uzito uko kwenye kifungu cha leseni. Sasa bodi ya aina ile iliyomzuia Dent asitibu inamuuliza daktari aliyekwisha kuruhusiwa kama anajua mgonjwa wake ale nini. Nguvu yake itategemea yaliyomo katika mwongozo wa lishe utakaoandaliwa na kamati ile, kwa sababu ndio shule, vyuo na bodi zitakaoufuata. Nami ningependa kuona ndani ya kamati hiyo watu waliowahi kupika chakula cha shule na wauguzi wanaowapima watoto kila wiki, pamoja na maprofesa. Na kuna upungufu ambao wabunge wa Texas wanapaswa kuurekebisha katika kikao kijacho: kwa daktari lishe imekuwa sharti la kazi, lakini kozi maalumu ya lishe waliyoiandalia sekondari ni ya hiari, na kijana anaweza kumaliza shule bila kuisoma.